Nta Kwenye Kona Nne

Nyie watatu mliobaki maabara mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimerudi Mpanda, niko hapa Shanwe, na kila wiki nimekuwa na kisingizio kipya: paa linavuja, mgongo unauma, wageni wamekuja kusalimia. Ukweli ni kwamba nimechoka. Nilidhani nikilala miezi miwili mitatu uchovu utaniisha, lakini umekaa palepale, naamka nao asubuhi na kulala nao jioni. Basi nitaandika hivyohivyo. Vyeo nitaviruka, maana vile nilivyopata vilibadilisha maandishi ya mlangoni tu, ndani kazi ikabaki ileile.

Nilianzia hapahapa Mpanda, binti kutoka Magamba aliyemaliza kidato cha nne na hajui aende wapi. Nikapewa kazi ya kumfuata Mzee Fidelis, fundi wa majokofu ya chanjo. Wakati huo zahanati za vijijini zilikuwa na majokofu ya mafuta ya taa, na kazi yetu ilikuwa kuyazungukia, kusafisha masizi, kukata tambi na kupima joto la ndani. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa sketi niliyoipiga pasi kwa heshima zote. Mzee Fidelis akanitazama juu mpaka chini, akaniambia nilale chali nichungulie moto uliokuwa unawaka chini ya jokofu.

"Ni wa njano," nikasema.

"Basi hilo linapika, halipozi. Geuza utambi polepole. Ukiona bluu uniite."

Nililala pale sakafuni mpaka moto ukawa bluu. Ile sketi haikufaa tena hata kwa kulimia.

Mzee Fidelis hakuwahi kukasirikia jokofu. Alimkasirikia mtu aliyesema "limeharibika" kabla hajapima. Aliniambia, "Binti, baridi haitengenezwi. Sisi tunatoa joto tu, na joto nalo halikubali, litatafuta pa kurudia." Akanifundisha kutafuta hapo pa kurudia: mpira wa mlango uliopasuka, waya wa kipimajoto, hata mkono wa nesi anayefungua kila mara kwa sababu amehifadhi soda yake kati ya chanjo. Soda hizo tulizikuta nyingi. Mzee alikuwa anazinywa, akimaliza anaandika kwenye ripoti kwamba chanzo cha joto kimeondolewa.

Mfukoni mwake hakukosekana bonge la nta. Huku kwetu mizinga ya nyuki ni mingi na nta iko karibu kila nyumba. Mzee alipaka nta kwenye skrubu zisishike kutu, aliziba nayo nyufa za mpira, alikamatisha nayo kipimajoto kisitingishike. Nikaiga. Nilipoondoka kwenda chuo cha ufundi nilikuwa na bonge langu, na tangu siku hiyo sikuwahi kushika spana bila kuwa na nta mfukoni.

Chuo kilinifundisha majokofu ya umeme. Ndoa ikanipeleka Afrika Kusini. Ndoa ikaisha, kazi ikabaki. Nilikuwa natengeneza vyumba vya baridi vya kuhifadhia matunda siku nilipoona tangazo la chuo kikuu kinachotafuta fundi wa majokofu. Nilikwenda nikiamini ni jiko la wanafunzi.

Mnaijua friji yetu, lakini huenda hii barua ikasomwa na mtu asiyeijua. Ni sahani kubwa za shaba zilizopakwa dhahabu, zinaning'inia moja chini ya nyingine ndani ya pipa lisilo na hewa. Kila sahani ni baridi kuliko iliyo juu yake, na ile ya chini kabisa imebakiza kiasi kidogo sana kufika pale ambapo hakuna baridi zaidi. Profesa, mtu mrefu mpole ambaye hukohoa kabla ya kusema, alinisimamisha mbele yake akaniuliza ninadhani joto litaingilia wapi. Nikatazama nyaya zilizokuwa zinatoka juu kwenye joto la chumba mpaka chini. Nikasema, "Kwenye nyaya." Akaniajiri. Mimi nilikuwa naliona jokofu la Mzee Fidelis, limevaa dhahabu tu.

Ndani ya friji ile tulikuwa tunaweka kipande kidogo, ukubwa wa ukucha, chenye mstari mwembamba wa alumini uliochorwa juu yake. Alumini ikipoa kiasi hicho hupitisha umeme bila kuukwamisha hata kidogo, na ndiyo maana inaitwa superkondakta. Kwa vipande vya namna hiyo watu wanajaribu kujenga kompyuta za kwantamu. Shida yake ni kwamba nishati unayoiweka kwenye kipande haitulii, inavuja. Kazi yetu yote ilikuwa kupima inavuja haraka kiasi gani, na inavujia wapi.

Nilipoletewa wageni niwaelezee, niliwaambia habari za kengele ya kanisa. Igonge, halafu usikilize italia mpaka lini. Mtu akiigusa kwa kitambaa itazimika upesi, hata kama kengele yenyewe ni nzima. Sisi tulikigonga kipande kwa mawimbi ya maikrowevu, tukaacha, tukasikiliza nishati ikififia. Kizuri kilidumu muda mrefu mara nyingi kuliko kibaya, ingawa vyote viwili vilikuwa vimeshanyamaza kabla hujapepesa jicho. Kikizimika upesi ujue kuna kitambaa mahali. Kukitafuta hicho kitambaa kunaweza kula mwaka.

Vitambaa nilivikuta vya kila aina. Nati isiyokazwa vizuri. Kifuniko chenye upenyo, mwanga wa joto kutoka sahani ya juu unachungulia ndani. Alama ya kidole cha mtu aliyekula korosho. Kwa hiyo kazeni nati za shaba mara mbili, mara ya pili baada ya chai, kwa sababu shaba hulegea ikishatulia. Msiamini kipimajoto kimoja. Vaeni vizibo vya masikio mkiwa karibu na pampu. Sikio langu la kushoto lilibaki kwenye chumba kile na hakuna aliyenirudishia. Na andikeni. Profesa alikuwa na sheria moja tu, kwamba chochote kinachoingia kwenye kisanduku cha kipande kiandikwe kwenye daftari. "Hata pumzi yako," alisema. Niliwafundisha nyie sheria hiyo siku yenu ya kwanza, na nimesahihisha daftari zenu kwa wino mwekundu. Mimi mwenyewe niliivunja kwa miaka mitatu.

Ni habari ya Osward. Nyie mnalijua jina lake, hamumjui yeye.

Kule Sibwesa kuna dada yangu, Yustina, mtoto wa baba yangu mkubwa. Mwanawe Osward alikuwa na akili ya fizikia ambayo hakuna aliyejua ameitoa wapi. Alipomaliza chuo kikuu alinipigia simu kuuliza kama kwetu kuna nafasi ya kusomea uzamivu. Nikazungumza na Profesa, barua zikaandikwa, ufadhili ukapatikana. Siku chache kabla hajaondoka, dada akanipigia.

"Mdogo wangu, nakukabidhi huyu," alisema. "Mimi huku simwoni. Macho yangu ni wewe."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

"Sina wasiwasi. We upo."

Osward alifika na karanga, asali, na bonge jipya la nta kutoka mizinga ya mama yake, maana langu lilikuwa limekwisha na nilikuwa nimemwomba aniletee. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anavaa viatu bila soksi kwenye baridi ya kule. Aliniita "mama mdogo" mbele ya kila mtu mpaka Profesa naye akaanza kuniita Mamdogo, akidhani ndilo jina langu la heshima. Sikumsahihisha. Nililipenda.

Vipande vya wanafunzi wengine nilivifunga kwa vibanio vidogo vya shaba, kama utaratibu unavyotaka. Vya Osward vilikuwa vyembamba kuliko vyote, na cha kwanza kilipasuka chini ya kibanio. Alikuwa amekitengeneza kwa miezi minne. Nilimwona alivyokaa kwenye kiti akatazama sakafu, na roho ikaniuma. Kilichofuata nikakishikiza kwa nta. Punje nne ndogo, moja kila kona, nikazilainisha kwa ncha ya kibano cha moto. Kikakaa kizuri, hakikupasuka. Nikaunganisha nyaya zake nyembamba, nikafunga kisanduku, nikampa kikiwa tayari. Baada ya vipimo mimi ndiye niliyekifungua na kukisafisha kwa spiriti. Hakuna aliyeona.

Sikuandika. Nimejiuliza sana kwa nini. Sababu ya kwanza niliyojipa ni kwamba kilikuwa kitu kidogo mno. Sababu ya kweli ni aibu: niliwaona watu wa maabara ile wakicheka, fundi wa friji ya dhahabu anabandika vitu kwa nta ya kijijini. Na kwa kuwa Osward alikuwa mtoto wetu, nilitaka kumpa kitu ambacho wengine hawakipati. Wenzake nilikuwa nawafanyia kazi, yeye nilikuwa namlea.

Vipande vyake vikaanza kuvuja. Alivigonga, vikazimika upesi. Akabadilisha namna ya kusafisha alumini, akabadilisha joto la kuitengenezea, akajaribu njia sita. Uvujaji ukabaki uleule. Hapo ndipo sisi wakubwa tulipotakiwa kushtuka, kwa sababu ukibadilisha kitu mara sita na jibu lisibadilike, ujue hicho sicho. Lakini kulikuwa na dalili nyingine iliyotupoteza. Ukizidisha nguvu ya mawimbi, uvujaji ulipungua, na hiyo ndiyo tabia ya utando mchafu unaojitengeneza juu ya metali. Nta nayo ina tabia hiyohiyo. Osward akajenga hoja safi kabisa kwamba kosa liko kwenye utando wa alumini. Akaandika makala, ikachapishwa. Akaandika tasnifu nzima. Profesa alikohoa, akasema haijamkolea, lakini hesabu zilikuwa sawa.

Zikabaki wiki tatu Osward akaitetee tasnifu yake. Mimi mgongo ukanilaza, nikakaa nyumbani siku kumi. Alikuwa anataka kipimo kimoja cha mwisho cha kuongeza kwenye slaidi, kwa hiyo fundi wa maabara ya jirani akamfungia kipande. Alitumia vibanio. Kwa bahati hakikupasuka.

Niliporudi, Osward alinisubiri chumba cha chai. Alikuwa na grafu mkononi na uso wa mtu aliyeona kitu asichokielewa.

"Mama mdogo, hebu tazama hapa. Kimelia mara ishirini zaidi. Mara ishirini! Metali ileile, kila kitu kilekile. Nimepima tena jana, jibu hilohilo. Nahisi mashine imeharibika."

Nilijua palepale. Nikamwambia mashine nitaiangalia, akaenda. Sikuiangalia. Siku mbili nzima nilizunguka na siri ile tumboni, nikikaza nati zilizokwisha kukazwa. Siku ya tatu nikamwita chumba kilekile, nikafunga mlango, nikamwambia yote, nta, kona nne, tangu kipande cha pili mpaka cha mwisho nilichokifunga mimi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote."

"Hata vile vya kwenye makala?"

"Hata vile."

Alizungusha kikombe kisicho na chai. Halafu akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nakwenda kwa Profesa sasa hivi."

"Subiri kwanza, mama mdogo. Kesho twende wote."

Nilimwamini kwamba anataka kunisindikiza. Kesho yake tukaingia kwa Profesa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu usiku kucha, na bado nilikuwa natafuta la kwanza, Osward akanitangulia. Akasema tasnifu yake ina kosa, anaiondoa. Akasema vipande alikuwa anavishikiza kwa nta aliyotoka nayo kwao, na hakuiandika. Akasema, "Ni mimi niliyeiweka."

Profesa alifungua daftari. Kwenye mstari wa aliyefunga kipande, kwa mazoea yetu mabaya, tulikuwa tunaandika jina la mwenye kipande. Kila ukurasa ulisema Osward. Profesa akakohoa, akanigeukia.

"Mamdogo, ulijua?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Nilikuwa na mgongo mbovu, sina mume, sina mtoto. Hayo yote yalipita kichwani kwa mara moja, na Osward alikuwa ananitazama kwa yale macho ya kwetu, ya kijana anayemwomba mkubwa akubali kupokewa mzigo. Nikasema, "Hapana."

Neno moja. Kazi yangu yote ilikuwa kutafuta mahali nishati inapovujia, na pale uvujaji ulikuwa mimi, nikaufunika.

Tulipotoka nilimshika mkono kwenye korido. Nilitaka kurudi ndani. Akasema, "Mama mdogo, acha. Mimi bado kijana, nitaanza pengine. We wakikutoa leo unaenda wapi? Utamwambia nini mama?" Sikumtuma afanye vile, lakini sikumzuia. Nimekuwa najificha nyuma ya nusu ya kwanza ya sentensi hiyo kwa miaka.

Hakuanza pengine. Makala iliondolewa, ufadhili wake ukafika mwisho mwezi uleule, na hakuna aliyetaka kumwongezea muda mwanafunzi aliyeficha kitu kwenye kisanduku. Alirudi nyumbani bila shahada. Alimwambia mama yake kwamba masomo yamekwisha, na kwa namna fulani ilikuwa kweli. Akapata kazi ya kufundisha fizikia hukohuko Sibwesa. Mimi nikamaliza mwaka wangu na nusu. Nikaagwa kwa keki na hotuba, na Profesa akasema kwamba mikono yangu haikuwahi kumdanganya.

Mnajua yaliyobaki. Ukutani karibu na friji kuna karatasi inayokataza kuingiza nta, na kosa hilo watu wa pale wanaliita "kosa la Osward". Kila mgeni anasimuliwa. Nyie pia mlisimuliwa, na niliyewasimulia ni mimi. Mmoja wenu alicheka akauliza, "Huyo jamaa alikuwa anawaza nini?" Nikamjibu kwamba sijui. Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili msinisikie.

Kwa hiyo haya ndiyo mambo ya kazi niliyonayo. Aliyeweka nta ni mimi. Osward hakujua, alipima kwa uaminifu alichopewa, na alipojua, kesho yake alikwenda kuiondoa tasnifu yake kabla sijamaliza kutafuta maneno. Karatasi ile ibaki ukutani, inafaa. Lakini jina lake mlitoe. Mkimsimulia mgeni, tajeni langu, na mkitaka mseme pia kwamba nilikuwa fundi mzuri, lakini hilo si lazima.

Profesa nilimwandikia mwezi uliopita kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Nilichelewa kumwandikia kwa sababu nilikuwa mwoga. Naye amestaafu sasa. Alijibu baada ya wiki moja. Hakunitukana. Alisema daftari la maabara litaandikwa upya pale panapostahili, na jarida lililochapisha makala litapewa maelezo. Kuhusu Osward alikuwa ameuliza chuoni, na chuo kimesema usajili wake ulikwisha siku nyingi, hauwezi kufufuliwa. Mwisho akaandika kwamba anasikitika, na hakuniita Mamdogo.

Juzi Jumamosi nikachapisha jibu lile stendi, nikapanda gari la asubuhi kwenda Sibwesa. Nilimkuta Osward amekaa kibarazani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Amenenepa kidogo. Alisimama upesi.

"Shikamoo mama mdogo. Mbona hukusema unakuja, ningekufuata barabarani."

"Marahaba. Soma hii kwanza."

Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaiweka chini ya madaftari isipeperushwe na upepo.

"Kwa hiyo wamesahihisha."

"Wamesahihisha. Ila chuo..."

"Chuo nimeona." Alichukua kalamu nyekundu, akaiweka tena. "Unajua, mama mdogo, zile grafu zilikuwa nzuri. Hoja yangu ilikuwa sawa kabisa. Ni vile tu nilikuwa napima kitu kingine. Kuna siku nawafundisha hawa watoto habari za umeme, nasimama katikati ya somo, naikumbuka ile ya mara ishirini. Daah. Mara ishirini."

Nikalia mbele yake, mtu mzima mimi. Nikamwambia anisamehe. Akasema alishanisamehe zamani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa, ingawa nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nikamwambia sasa nataka kumweleza mama yake, nimalize yote siku moja.

"Hapana," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akinikatalia. "Huko maabara waambie wote, sawa. Hapa hapana. Ile nta ilikuwa ya mama. Aliichuja mwenyewe, akaifunga kwenye kanga yake ya kutokea. Ukimwambia we ndo ulikosea, hatasikia hilo. Atasikia kwamba yeye ndo amenirudisha."

Miaka yote nilidhani alikuwa ananikinga mimi tu.

Dada Yustina akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Aliponiona alilitupa, akanikumbatia na tope lake. Hakutaka kusikia kwamba nawahi gari. Alipika ugali na migebuka, akanitandikia mkeka, akakaa mbele yangu.

"Mdogo wangu, mi sijawahi kukushukuru vizuri," alisema. "Kwenye simu haitoshi. Nyie mnaokaa mbali hamjui tunavyoogopa. Watoto wa wenzangu waliokwenda huko wengine hawakurudi, wengine wamerudi hawafai, pombe tu. Wangu umenirudishia mzima, ana adabu, ana kazi, naamka namwona. Hii ni kazi yako. Mungu akuone."

Osward alikuwa ameshika jagi la maji na beseni. Hakunitazama. Alipiga magoti kama kijana wa kwetu anavyomnawisha mkubwa, akanimiminia taratibu mpaka maji yakaisha.

"Asante, dada," nikasema.

"Kula basi, kinapoa."

Nikala. Dada aliniongezea samaki bila kuuliza, nikamla na huyo.